Mgeni Ndani ya Mashini: Kitivo cha Lugha Kinaihitaji QEMU

Mfaransa akisema hôte, muulize kwanza anamaanisha nani. Neno hilo moja linamtaja anayepokea watu nyumbani kwake, na pia linamtaja anayepokelewa. Wataalamu wa kompyuta wanaoandika kwa Kifaransa, walipotaka kueleza mfumo mmoja unaoishi ndani ya mfumo mwingine, walilazimika kugawa kazi: anayepokea akabaki hôte, anayepokelewa akaitwa invité, yaani mwalikwa. Kiswahili hakikuwa na shida hiyo. Tuna mwenyeji, mwenye mji, na tuna mgeni, ambaye watu wa lugha nyingi za kwetu wanamtambua mara moja. Mbemba anasema umweni, Muluba wa Kasai anasema muenyi. Sauti ya g imeanguka njiani, lakini mtu ni yule yule.

Naanza na maneno kwa sababu najua wengi wenu mkiona habari za kompyuta katika jarida la lugha mnageuza ukurasa. Msigeuze. Programu ninayotaka kuizungumzia ni ya kufasiri. Inafasiri usiku na mchana, bila kuchoka, kutoka lugha ambazo hakuna mtu aliyezaliwa akizisema. Nadhani sisi wa lugha tulipaswa kuijua kabla ya wenzetu wa informatika.

Inaitwa QEMU. Ilianzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard, aliyeitoa mara ya kwanza mwaka 2003, na mwaka 2005 akaeleza kwa maandishi namna inavyofanya kazi. Leo inatunzwa na watu wengi wa nchi mbalimbali. Ni programu huria: yeyote anaweza kuichukua, kuitumia, kuisoma ndani, kuibadilisha na kumpa mwenzake. Kiingereza kina neno moja kwa huria na kwa bure, na Waingereza wamepoteza muda mwingi wakieleza tofauti. Sisi tunajua kwamba kitu cha bure kinaweza kuwa na kamba shingoni.

Kila prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ina lugha yake ya namba. Prosesa ya simu yako haielewi amri zilizoandikwa kwa ajili ya kompyuta ya mezani, na ile ya kompyuta ya mezani haielewi amri za mashini za Macintosh za miaka ya 1990. Programu iliyotengenezwa kwa prosesa moja, ukiipeleka kwa nyingine, ni kama kumsomea Mchokwe barua ya Kilatini. Kiigizi ni programu inayojifanya kuwa prosesa ile nyingine, pamoja na diski yake, kioo chake na kibodi yake, ili mfumo-endeshi wa zamani au wa mbali uamke ndani yake na kuamini kwamba uko nyumbani. Huo ndio mgeni. Kompyuta halisi iliyo mezani pako ni mwenyeji.

Kuna njia mbili za kumhudumia mgeni wa namna hii, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa tafsiri anazijua zote mbili. Ya kwanza ni ya mkalimani. Mgeni anatamka amri moja, mkalimani anaieleza, inatekelezwa. Anatamka nyingine, inaelezwa. Amri ikirudiwa mara elfu, mkalimani anaieleza mara elfu, bila kukumbuka kwamba alishaieleza. Ndivyo inavyofanya Bochs, kiigizi kilichoandikwa na Kevin Lawton mwaka 1994, ambacho kilikuwa kikiuzwa hadi kampuni ya Mandrakesoft ilipokinunua mwaka 2000 na kukifanya huria. Ni kazi ya uaminifu, lakini inakwenda polepole.

QEMU ni mfasiri. Haichukui amri moja moja. Inachukua fungu, kama aya, inalifasiri lote hadi lugha ya prosesa ya mwenyeji, kisha inaiweka tafsiri hiyo mahali pa akiba. Mgeni akirudi kwenye aya ile ile (na programu hurudia aya zile zile mno, kuliko hata wahubiri) tafsiri ipo tayari. Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba haifasiri moja kwa moja. Inapitia lugha ya katikati. Amri za mgeni zinageuzwa kwanza kuwa lugha ndogo ya ndani, isiyo ya prosesa yoyote, halafu kutoka hapo zinageuzwa kuwa lugha ya mwenyeji. Piga hesabu mwenyewe. Ukiwa na aina 10 za wageni na aina 6 za wenyeji, kufasiri moja kwa moja kunataka wafasiri 60. Ukiweka lugha ya katikati unahitaji 16 tu.

Je, hiyo si Kolwezi? Mruund, Msanga, Mchokwe, Muluba na Mndembu wanapokutana sokoni, hakuna anayetafuta mkalimani wa kila jozi. Wanapitia Kiswahili, kile Kiswahili chetu cha Katanga kilichokomaa katika kambi za wafanyakazi wa migodi, ambacho wasomi wa pwani wanakikunjia uso. Johannes Fabian alikiandikia kitabu kizima mwaka 1986, kuhusu lugha na utawala wa kikoloni. Wahandisi wa kompyuta walifikia jibu ambalo mama wauza mihogo walikuwa nalo zamani.

Na kama mgeni na mwenyeji wana prosesa ya lugha moja? Hapo mfasiri anakaa pembeni. Tangu mwaka 2007 Linux ina sehemu iitwayo KVM inayomruhusu mgeni kuzungumza na prosesa mwenyewe, huku QEMU ikimwekea diski, kioo na mtandao. Ni kama mtu wa Likasi amefika Kolwezi: anahitaji kitanda na chakula, hahitaji mkalimani.

Sasa, kwa nini kitivo cha lugha?

Kwa sababu kazi zetu zimekwama katika mashini zilizokufa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 watafiti wa lugha za Kibantu walianza kuacha karatasi na kuandika kwa kompyuta. Waliweka orodha za maneno, hadithi walizorekodi vijijini, sarufi na makamusi katika programu za DOS na katika Windows za kwanza. SIL walikuwa na programu yao ya kutengeneza kamusi, Shoebox, ambayo jina lake linamaanisha sanduku la viatu, kwa sababu ndani ya masanduku hayo ndimo watafiti walimokuwa wakihifadhi vikadi vyao vya maneno. Mwalimu mmoja mstaafu alinionyesha disketi zake: maneno ya Kiruund, amesema, na methali, na mahojiano na wazee ambao wote wamekwisha kufariki. Ameziweka ndani ya bati la maziwa ya unga ili unyevu usiingie. Hana mashini ya kuzifungulia. Alijaribu dukani, kijana akamwambia, « Mzee, hii kitu ilipita. »

Tena si suala la disketi peke yake. Hata ukifaulu kunakili faili na kuliweka kwenye kompyuta ya leo, mara nyingi unaona takataka. Kabla ya Unicode kuenea, kila mtu aliyehitaji alama za toni au herufi kama ɔ na ɛ alitumia fonti ya pekee, ambamo namba ya herufi fulani ya Kifaransa ilipewa sura nyingine. Bila fonti ile, na bila programu iliyoijua, ɔ inarudi kuwa alama isiyo na maana na toni zinapotea. Anayesoma isimu anajua maana yake. Katika Lingala, moto ni mtu na mɔ́tɔ ni moto wa kuunguza. Ondoa alama na umbo la herufi, na hujui tena kama kilichoingia nyumbani ni jirani au ajali. Kwa lugha za toni kama Kiruund, Ciluba na Kiluba, faili lisilo na toni ni mifupa.

Hapo ndipo mgeni anapokuwa na faida. Unamwamsha ndani ya QEMU mfumo wa zamani, pamoja na programu yake ya zamani na fonti yake ya zamani, na unafungua faili kama mwandishi alivyolifungua mwaka 1994. Kwa mara ya kwanza unaona alichokiona yeye. Unaweza kuchukua picha ya kila ukurasa. Unaweza pia kulinganisha namba na sura, kutengeneza jedwali la kugeuza, na kuihamisha kamusi nzima kwenda Unicode. Hiyo kazi ya pili haifanywi na mhandisi. Mhandisi hatajua kama alama ile juu ya vokali ni toni ya juu au ni uchafu wa kioo. Atakayejua ni mwanafunzi wa isimu anayesema lugha hiyo nyumbani.

Nalinganisha na karatasi. Mwaka 1965 André Yav, akiandika kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, alitunga Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, historia ya Lubumbashi kwa Kiswahili cha watu wake. Andiko hilo lilipigwa taipu, likanakiliwa, likapita mikononi mwa watu. Fabian alilitoa kama kitabu mwaka 1990, na leo unaweza kulifundisha darasani. Karatasi ya 1965 haikuomba mashini yoyote ili isomwe, inaomba macho tu. Disketi ya 1995 ni changa kwa miaka 30 na tayari ni bubu.

Mtaniambia: acheni mambo ya zamani, tufanye mapya. Ningependa kuwajibu kwa kuwapeleka Kingamyambo. Wote tunapajua: yale mabaki ya kiwanda, rejeti kama wanavyoziita watu wa Gécamines, yaliyomwagwa tangu enzi za Union Minière baada ya madini kuoshwa katika konsantrateri ya Kolwezi. Kwa waliomwaga, kazi ilikuwa imekwisha. Kilichobaki kilikuwa matope. Lakini pamoja na yale ya mto Musonoi ni zaidi ya tani milioni 100, na ndani yake mna shaba takribani asilimia moja na nusu, pamoja na kobalti. Kuna migodi mipya duniani inayotamani kiwango hicho. Njia ya kuyatoa haikuwepo wakati ule, au haikuwa na faida. Ilipopatikana, makampuni yakaanza kugombana. Mwaka 2009 serikali ilifuta mkataba wa kampuni ya Kingamyambo Musonoi Tailings, kesi zikafuata, mali ikabadilisha mikono, na tangu 2018 Metalkol wanayaosha upya mabaki yale kwa maji ya nguvu na kuuza shaba na kobalti.

Sitaingia katika siasa ya mikataba ile. Wenzetu wa sheria wanaiandika vizuri kuliko mimi. Ninachotaka mkione ni swali la nani ana chombo. Mabaki yalikuwa yetu, uwanja ulikuwa wetu, lakini chombo cha kuyaosha kilihitaji mtaji ambao hatukuwa nao, kwa hiyo tulisubiri mwenye chombo. Kwa mabaki ya lugha, chombo kipo tayari na hakuna mkataba wa kusaini. QEMU inatolewa kwa leseni ya GPL, na toleo ulilokwisha kulipata kwa leseni hiyo hakuna anayeweza kukunyang'anya kwa kubadilisha mawazo. Tukikaa, wengine wataifanya kazi hiyo. Makumbusho ya Tervuren huko Ubelgiji yana hazina kubwa ya lugha na muziki wa Kongo, na siwalaumu kwa kutunza. Lakini mwanafunzi wa Kolwezi anayehitaji viza ili kusikiliza sauti ya babu wa jirani yake, hapo kuna kasoro.

Msidhani ninatia chumvi juu ya umuhimu wa uhuria. Apple ilipobadilisha prosesa za kompyuta zake mwaka 2006, iliwapa wateja programu ya kufasiri amri za zamani, nayo ikaiita Rosetta, kwa heshima ya lile jiwe tunalofundishwa katika historia ya maandishi. Jina zuri. Mwaka 2011 toleo jipya la mfumo wao likaja bila Rosetta, na programu za prosesa ya PowerPC zikaacha kufunguka kwa kila aliyefuata toleo hilo. Mwenye jiwe aliliondoa mezani. Walipobadilisha prosesa tena mwaka 2020 wakaleta Rosetta ya pili, na anayeitegemea anategemea hiari yao. QEMU bado inaigiza PowerPC mpaka leo.

Pingamizi ninalosikia mara nyingi ni la umeme. Kweli, inashangaza kwamba Nzilo na Nseke ziko jirani nasi na bado tunasomea kwa tochi ya simu. Lakini kazi hii haihitaji umeme wa saa 24. Kompyuta ndogo yenye betri inatosha, na diski nzima ya mgeni ni faili moja unaloweza kulinakili kwenye kle ya USB. Hata umeme ukikatika katikati ya kazi, picha ya hali ya mgeni uliyoihifadhi asubuhi ipo pale pale, unamrudisha alipokuwa. Kwa sababu hiyo hiyo mwanafunzi anaweza kumharibu mgeni kabisa kwa kujaribu, na mwenyeji asipate hata mkwaruzo. Kitivo chenye kompyuta moja nzuri kinajua thamani ya jambo hilo.

Kuhusu polepole: ni kweli kwamba mgeni anayefasiriwa anakwenda taratibu kuliko angekuwa kwenye prosesa yake ya kizazi hiki. Ila sisi hatutaki kucheza michezo. Mashini ya DOS ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, hata ikifasiriwa na kompyuta ya kawaida ya leo, inakwenda kasi kuliko ilivyokwenda ilipokuwa mpya.

Pingamizi la leseni lina uzito zaidi, na wanaharakati wa programu huria huwa wanalipita mbio. Uhuria wa mwenyeji haumfanyi mgeni kuwa huria. Windows ya zamani bado ina mwenyewe, na kuiiga mashini hakukupi haki ya kunakili kilichomo. Pale ambapo mashini ya kale ilikuja na leseni yake, itafutwe karatasi yake. Kwa programu nyingi za DOS kuna njia safi: FreeDOS, mradi ulioanzishwa na Jim Hall mwaka 1994 na kufikia toleo la 1.0 mwaka 2006, ni mfumo huria unaoendesha programu hizo bila kumdai mtu. Na idhini ya mtafiti na ya waliorekodiwa ni suala la pili, ambalo hakuna leseni ya kompyuta itakayolitatua kwa ajili yetu.

Pingamizi la mwisho nalisikia kwa walimu wetu wenyewe, kwa heshima zote: hiyo ni kazi ya watu wa informatika. Hapana. Wao watatusaidia kuiweka na kuiamsha, jambo la alasiri moja. Lakini ni nani atakayeamua kwamba kamusi ya Kisanga ya disketi hii ni toleo la mwisho na lile lingine ni rasimu? Nani atasoma maelezo ya pembeni yaliyoandikwa nusu Kifaransa, nusu Kiswahili? Tukiwaachia wao, watahifadhi mafaili. Maneno yaliyomo ndani yatabaki bila msomaji.

Hata istilahi zenyewe zinatusubiri. Mwenyeji na mgeni zimesimama vizuri. Kwa kile Wafaransa wanachokiita machine virtuelle, kuna wanaosema mashini pepe, kwa mfano wa barua pepe. Mimi sipendi, huku kwetu, mtu akisikia mashini pepe ataitafutia mchungaji. Nimetumia kiigizi kwa programu na ningetumia mashini ya kuigwa kwa kile kinachotokea ndani yake. Kama una neno zuri zaidi, hasa kutoka kwa mama yako na si kutoka kwenye kamusi, liandikie jarida.

Ninachoomba baraza la kitivo ni kidogo. Kwanza, kila TFC na kila memuari yenye data za lugha iwekwe pamoja na programu na fonti iliyotumika, ili atakayekuja mwaka 2050 asilazimike kubahatisha. Pili, saa nne za mazoezi katika somo la mbinu za utafiti, mwanafunzi aamshe mgeni mmoja na kufungua faili moja la zamani. Tatu, tuanze kuzikusanya disketi kwa wastaafu kabla ya warithi wao kuzitupa, kila moja na karatasi inayosema ni ya nani, lugha gani, mwaka gani.

Kizuizi kilichobaki ni cha chuma, si cha programu. QEMU inaweza kusoma sura ya disketi, lakini lazima kwanza mtu aitoe sura hiyo kutoka kwenye disketi yenyewe. Kwa zile ngumu za inchi 3.5 visomaji vya USB bado vinauzwa, na kimoja kinatosha kitivo kizima. Kwa zile laini za inchi 5.25 tunahitaji kisomaji cha kale chenye waya wake na kompyuta ya kale ya kukichomekea. Mafundi wa mjini wanavyo, nimeviona chini ya meza zao vikiwa vimejaa vumbi. Atakayepita kwa fundi wiki hii asitazame simu tu. Ainame, aulize bei.